Bakuli la Ngozi ya Kifaru

Yule Mhindi mwenye ua hakunipenda, nami sikumpenda, na hakuna kati yetu aliyejisumbua kuficha. Akipita mlangoni kwetu asubuhi alimsalimu mume wangu, mimi akanipita kama mlingoti. Nami nikimwona anakuja niliinama nikapuliza moto hata kama ulikuwa unawaka vizuri, ili moshi umfuate. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa miaka.

Naandika habari za Kisumu ya kabla ya vita vya Wajerumani, wakati reli ilikuwa bado ngeni na meli zilileta ngozi kutoka ng'ambo ya ziwa. Alikuwa Banyani wa Kachi, huko India. Mbele alikuwa na duka la nguo na sukari, nyuma ya duka ua mpana uliozungushiwa mabati, na ndani ya ua mlikuwa na ngozi za kifaru tupu. Za ng'ombe hakutaka hata kuzisikia. Mtu akipita na ngozi ya ng'ombe mbele ya duka, yeye alishika pua akaingia ndani kuoga. Ya kifaru aliishika kwa mikono miwili, akaipapasa, akainusa. Mume wangu alimwuliza sababu, akajibu kwamba kwao kifaru ni mnyama safi tangu zama za mababu, na mtu wa dini anaweza kuigusa ngozi yake kisha akaenda kusali. Mimi nilisema, alipokwisha kuondoka, kwamba kila chenye faida ni safi. Mume wangu akanikemea. Akasema kila watu na dini yao, nikaacha.

Ngozi moja iligawanywa pande mbili. Ya tumbo na mapaja ilikwenda kushoto kwa ua, kwa wakata viboko. Hao waliikata ingali mbichi kuwa mikanda mirefu, wakaisokota, wakaitundika na mawe chini ili inyooke. Viboko vyao vilinunuliwa na kila aliyekuwa na watu wa kuwapiga: wenye mashamba, manyapara, askari. Mjomba wangu wa Asembo aliporudi kutoka kazi ya kubeba mizigo, mama yangu alimkanda mgongo kwa maji ya chumvi mpaka mvua zikaisha. Kwa hiyo nilipowaona wale wakata viboko wakila ugali wao kwa raha nilitema mate. Wakanicheka. Wakasema, "Nyar Asembo," yaani binti wa Asembo, "kwani ugali wako wewe unatoka kwa mnyama gani?" Walikuwa na haki ya kuuliza, na ndiyo maana niliwachukia zaidi.

Ya mgongo na mabega ilikuja kulia, kwa mume wangu. Hiyo haikuwa ya Kisumu wala ya nchi hii. Ilikatwa duara, ikakaushwa kivulini, ikakwanguliwa na kulishwa mafuta, kisha ikafungwa kwenye magunia na kupandishwa gari la moshi hadi Mombasa, na kutoka huko meli hadi Kachi, iwe ngao. Huko mafundi wao waliitia rangi na vifungo vya shaba na kuiuza kwa wakubwa. Mimi niliuliza wanapigana na nani siku hizi, na bunduki zote hizi duniani. Mume wangu akasema hawapigani na mtu. Wafalme wao huzitundika ukutani, na bwana harusi wa ukoo wa mashujaa hubeba moja siku ya arusi yake. Basi kifaru anauawa huku, huku anakatwa viboko, kule bwana harusi anajipamba. Nilimwambia huyo bwana harusi angejua harufu ya ua wetu asingeoa.

Mume wangu alikuwa mtu wa Pwani. Kazi hii alifundishwa Mombasa na mzee mmoja wa Kachi, fundi wa ngao, na upande huu wa ziwa hapakuwa na mwingine aliyeijua. Ukiinua ngozi yake dhidi ya jua, mwanga ulipita, ukaona rangi ya asali. Ndiyo sababu Mhindi alimpa chumba ndani ya ua, chumba cha mabati chenye sakafu ya udongo, na akasema wazi mbele yangu: chumba ni cha fundi. Fundi akiacha kazi, anaacha na chumba.

Lilikuwa neno dogo siku ile, mume wangu akiwa na mabega ya kubeba mlango. Baadaye kifua kikamshika. Ngozi ya kifaru ikikwanguliwa hutoa vumbi jeupe laini, nalo alikuwa amelimeza miaka na miaka. Alianza kukohoa asubuhi, kisha asubuhi na jioni, kisha hakuacha. Akakonda, akashindwa kushika kikwaruzo chake cha kukwangulia, akalala. Kwao Pwani hakuwa na mtu aliyebaki. Kwa ndugu zangu Asembo hakutaka kwenda, na hata angetaka, asingefika. Safari ya mtumbwi ingemmaliza kabla hatujaona nchi kavu. Hakuwa na pa kufia isipokuwa pale, na pale palikuwa pa fundi.

Kwa hiyo nilishika kikwaruzo mimi.

Usidhani alinishukuru. Alilala mkekani, mlango umerudishwa, akinitazama nikifanya kazi yake, na kila nilichofanya kilikuwa kibaya. "Unakwangua kama unapara samaki." "Legeza mkono." "Hiyo ni ngozi ya kifaru, si kichwa cha mwanao." Mtoto hatukuwa naye, alijua, na alisema hivyo makusudi iniume. Nami nilimjibu. Nilimwambia kama mkono wangu ni mbaya na ainuke ashike wa kwake. Halafu nilimpa uji, nikamgeuza ubavu, nikarudi kwa ngozi. Aibu ndiyo iliyokuwa inasema, najua. Kwake ilikuwa afadhali afe kuliko watu wajue kwamba mkewe anamfanyia kazi yake. Lakini mimi nami nilikuwa na masikio, na maneno yale yaliingia.

Kila asubuhi, kabla Mhindi hajafungua duka, nilimwinua mume wangu nikamkalisha mlangoni, mgongo umeegemea nguzo, kipande cha ngozi mapajani na kikwaruzo mkononi. Mhindi alipita, akamsalimu, akaona fundi yuko kazini. Akishapita nilimrudisha mkekani. Wakata viboko walijua, lakini hao hawakuzungumza na Mhindi isipokuwa siku ya mshahara, na midomo yao ilikuwa na shughuli ya kunicheka mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema, wakinipita. Niliwaambia kifo kikija kitawakuta wao kwanza, kwa vile wanavyokula.

Aliyenitia hofu ni mwingine. Mama yake yule Mhindi alikaa ghorofani, juu ya duka, katika chumba chenye dirisha lililotazama ua wetu. Alikuwa mjane, mkavu, nguo nyeupe mwaka mzima, bila hata bangili moja. Kutwa alikaa dirishani. Huyo tulichukiana naye kwa bidii. Watu wa nyumba ile hawali samaki wala nyama, na harufu ya samaki kwake ilikuwa kama kutukanwa. Nami nilinunua omena, dagaa wa ziwani, huko Dunga, nikawaanika chini ya dirisha lake, upande upepo unakotoka. Alimwaga majivu juu yao. Nikawaosha, nikawaanika tena. Akamwaga maji ya kuoshea vyombo. Nikapanda juu ya pipa nikamwambia ashuke animwagie mimi kama ana nguvu. Hakushuka. Aliye juu mngoje chini, nilimwambia, na nilimwambia kwa Kiswahili, ambacho alikijua kidogo, na kwa Kijaluo, ambacho hakukijua kabisa, ili apate yote mawili.

Sasa, kwao kuna siku za kuwakumbuka wazee waliokufa. Mtoto wa kiume huenda majini asubuhi, akachota maji, akatia simsim nyeusi kidogo, akayamwaga akitaja jina la baba yake na babu zake, nao wanakunywa huko waliko. Na Mhindi wetu alikuwa ameota baba yake ana kiu. Alikuja mwenyewe mlangoni kwetu, mume wangu akiwa amekalishwa pale na ngozi yake, akasimama mbali kidogo na jiko langu.

"Fundi," akasema, "mimi nataka bakuli. Bakuli ya maji ya baba yangu. Ya kifaru. Maji ikitoka ndani ya kifaru, mzee anashiba siku zote, hawezi kusikia kiu tena."

Mume wangu akauliza kwa sauti ndogo kama pembe isingefaa zaidi, maana alikuwa amesikia kwamba wakubwa wa huko hutumia pembe.

"Pembe au ngozi, usafi ni moja," akasema Mhindi.

Pembe alikuwa anaziuza ng'ambo kwa bei kubwa, zote, hakubakisha hata moja. Hivyo baba yake alipata kushiba kwa ngozi. Nilicheka nikajifanya nimepaliwa na moshi.

Kisha akatoa masharti. Fundi aoge kila asubuhi kabla ya kuligusa. Mlango ufungwe, mtu asiingie. Na mwanamke asiwepo. Hapo alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze. "Wanawake wanakuwa na siku zao," akamwambia mume wangu, si mimi. "Mwanamke mwenye siku zake akigusa bakuli, akikaa chumba moja na bakuli, maji inaharibika. Baba yangu hawezi kunywa. Ni mbaya kuliko kiu. Huyu aende kwa watu wake mpaka kazi iishe."

Mume wangu akasema ndiyo, Bwana. Angesema nini?

Nilitoka siku ile ile, kikapu kichwani, nikapita katikati ya ua mchana kweupe ili kila mtu aone, na nikamuaga mwenye ua kwa sauti. Nilikwenda mpaka pwani ya ziwa, nikakaa na wanawake wanaopara samaki, nikaona aibu yangu yote na hasira yangu yote. Kama nisingerudi, bakuli lisingefanyika. Mume wangu hakuweza hata kushika kijiko. Mhindi angefungua mlango siku ya maji ikikaribia akute ngozi mbichi na mtu anayekufa, na angetoa vyote viwili nje, ngozi aitunze, mtu amwache njiani. Nilijua hivyo kama nilivyojua jina langu. Jua lilipoanza kulegea nilizunguka nyuma, mahali wakata viboko wanapotupa mabaki na mbwa wanapopigana, nikainua bati lililolegea, nikaingia.

Tulijifungia. Sikuwasha moto, maana moshi ungesema. Tulikula ugali baridi uliopikwa na mke wa mmoja wa wale wakata viboko, aliyeusukuma chini ya bati bila neno. Sikutegemea wema kutoka upande ule, na sikujua la kufanya nao.

Kipande cha bakuli hukatwa begani, ukubwa wa sahani. Hulowekwa mpaka kilegee, kikapigwa kwa nyundo ya mti juu ya gogo lililochongwa duara, kikafungwa kamba ukingoni na kuachwa kivulini kishike umbo. Jua likikipata kinapasuka. Kikishakauka unakikwangua kwa kipande cha chupa, unakipaka mafuta ya simsim, unakwangua, unapaka, mpaka mwanga upite. Ngao husamehe. Ukikosea mahali, mafundi wa kule wataficha chini ya rangi. Bakuli halisamehi, maana litabaki tupu, na kila kosa litaonekana.

Lilikuwa bado juu ya gogo siku zangu zilipokuja.

Nilijua kwamba zingekuja. Nilikuwa nimejidanganya kwamba huenda zikachelewa. Mume wangu aliona ninavyotafuta kitambaa, akaelewa, akajiinua kwa kiwiko.

"Acha," akasema. "Acha hiyo kazi. Ngoja mpaka utoharike."

"Mwezi utangoja? Wameshasema siku yao ni mwezi ukifika mahali fulani. Mwezi utamngoja nyar Asembo?"

"Ni haramu yao. Umeisikia kwa masikio yako. Mzee wa watu atakosa maji."

"Na wewe utakosa paa."

Akakohoa, akafuta mdomo. Kisha akasema jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo. Akasema, "Afadhali nikose paa kuliko kula kwa uchafu wako."

Nilimwambia maneno mengi. Siyaandiki yote. Nilimwambia kwamba mimi ni Mwislamu kama yeye, na katika siku zangu naacha sala na naacha saumu kwa amri ya Mungu, lakini kufanya kazi sikuambiwa niache, na mgonjwa wangu sikuambiwa nimwache ndani ya uchafu wake. Nilimwambia mama aliyemzaa alimzaa kwa damu hiyo hiyo. Nilimwambia anyamaze. Akageukia ukutani. Nikavunja chupa, nikachagua kipande chenye ukali, nikaanza kukwangua.

Nilifanya kazi ile kwa chuki, na nitasema ukweli, ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya. Vidole vilichanika kwa kigae cha chupa, nikavifunga kwa matambara, nikaendelea. Vitambaa vyangu nilivifua kwa maji kidogo niliyokuwa nayo. Ndani havikukauka, vilianza kunuka, na mle ndani tayari mlikuwa na mgonjwa. Nikatoa mkono chini ya bati la nyuma nikavitandaza nyuma ya chumba, kati ya bati na ukingo wa ua, mahali pasipoonekana na mtu aliyesimama chini. Bakuli likaanza kuwa na rangi. Siku ya mwisho nililiinua kwenye tundu la msumari, mwanga ukaingia ndani yake, ukakaa. Mume wangu alikuwa ananitazama. Hakusema kitu, na kwa mtu yule kutokosoa ilikuwa kitu kikubwa.

Likabaki la kulipeleka. Fundi alipaswa kulipeleka mwenyewe. Nilimwogesha, nikamvika kanzu safi, nikampaka mafuta usoni asionekane amefifia, nikamsimamisha. Kutoka mlango wetu mpaka mlango wa nyuma wa duka ni ua mmoja, lakini ua ule siku ile ulikuwa mrefu. Nilichungulia kwenye ufa. Alitembea wima, bakuli limefunikwa kitambaa cheupe, na nikaona shingo yake ikitetemeka kwa kikohozi alichokizuia. Wakata viboko waliacha visu vyao wakatazama. Hakuna aliyecheka. Juu dirishani, yule mjane alikuwa amekaa mahali pake.

Mhindi alifunua kitambaa. Alilishika bakuli kwa ncha za vidole, akaliinua juani, akalizungusha, na machozi yakamtoka. Nilimwona. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwangu, "Fundi, hii ni mkono ya mwanamume safi."

Mume wangu akainamisha kichwa, akapokea sifa.

Aliporudi alianguka mkekani, akakohoa mpaka nikadhani ndiyo mwisho. Alipopata pumzi akasema, "Umeona nilivyotembea?" Nikasema nimeona. "Umesikia alivyosema?" Nikasema nimesikia. Akafumba macho akiwa na tabasamu, amelala juu ya sifa yangu kama juu ya mto wake mwenyewe. Niliketi pale na vidole vyangu vilivyofungwa matambara, na kama moyo una nyongo, yangu ilipasuka wakati ule. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilimlisha na kumgeuza bila kusema naye.

Siku ya maji ikafika. Mimi nilikuwa nimesharudi "safarini", kikapu kichwani, kwa mlango wa mbele. Asubuhi Mhindi alishuka ziwani akiwa peku, nguo nyeupe kiunoni, bakuli mikononi, na wanaume wengine wa jamii yake nyuma yake. Wanawake hawakwenda. Duka lilifungwa, na wakata viboko walipewa mapumziko. Ua ulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia ngazi za ghorofani zikilia.

Alikuwa anashuka. Kwa miaka yote sikuwa nimemwona ardhini. Alivuka ua akishikilia nguo yake isiguse ngozi zilizolala, akipita pembeni mwa omena wangu bila kuwatazama, akaja mpaka mlangoni kwetu. Sikumkaribisha. Alimtazama mume wangu aliyelala ndani, akamtazama kwa makini, mbavu na miguu na mikono laini isiyo na alama. Kisha akatazama mikono yangu.

"Huyu hawezi fanya," akasema. "Wewe nafanya."

Nilikuwa nimechoka kujificha. Nilijua tumekwisha, na mtu akijua amekwisha hana haja ya kuwa mwongo. "Mimi," nikasema.

"Mimi naona kitambaa." Akanyoosha kidole nyuma ya chumba, kisha juu, dirishani kwake. "Kutoka huko naona. Wewe napiga bakuli, wewe iko na siku zako."

Ndani nikasikia mume wangu ameacha kupumua, anasikiliza.

"Ndiyo," nikamwambia. "Bakuli nimelitengeneza mimi, na nikalitengeneza katika siku zangu, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Nenda kamwambie mwanao. Mkimbilie ziwani, pengine hajamwaga bado. Lakini mgonjwa wangu simtoi mimi. Njoo umtoe wewe na mwanao, mmoja kichwa mmoja miguu."

Hakwenda. Aliketi. Aliketi kwenye kizingiti changu, mwanamke ambaye alimwaga majivu kwa sababu upepo umemletea harufu ya omena wangu. Akatazama upande wa ziwa, ambao hauonekani kutoka pale.

"Huko Kachi," akasema, "mimi iko kijana, bwana yangu natoa mimi nje kila mwezi. Lala na ng'ombe. Baridi. Hapana gusa sufuria, hapana gusa mtoto. Iko mtoto moja ya kike. Ndogo. Iko homa. Mimi iko nje, nasikia analia. Mimi naita bwana yangu, sema, fungua. Yeye sema, wewe chafu." Alinyoosha nguo yake magotini. "Siku ya nne mimi naoga, naingia. Wao nazika yeye jana."

Sikumwambia pole. Nilikuwa nimemchukia muda mrefu sana na kwa sababu nzuri, na mtu haachi chuki yake chini mara moja kwa kuwa amesikia habari. Lakini nilisogeza jiko ili moshi usimwendee.

"Sasa bwana yangu anakunywa bakuli yako," akasema.

Kisha akainuka kwa kushika nguzo, nguzo ile ile niliyokuwa nikimwegemezea mume wangu, na akanitazama usoni.

"Mwanangu hapana jua. Mimi hapana sema. Mwaka nyingine yeye taka bakuli nyingine, ya ndugu yake kule Kachi, ipate mwagia mzee maji kule pia. Wewe nafanya." Akaanza kuondoka, akarudi hatua moja. "Lakini ngoja siku zako ifike kwanza."

Mume wangu alikaa katika chumba kile mpaka mvua kubwa za mwaka uliofuata, akafa juu ya mkeka wake, chini ya bati lake, fundi wa ua mpaka pumzi ya mwisho. Kabla hajafa Mhindi alikuja kuagiza bakuli la pili. Ngozi ilikatwa, ikalowekwa, gogo likawekwa tayari, na mume wangu akaniuliza mbona siianzi kazi. Nikamwambia nangoja.